Gari Lililoshushwa

Deodatha Byabato alikuwa bibi shamba kwa miaka ishirini na sita. Miaka yote hiyo alizunguka vijiji vya Karagwe, na vya Kyerwa pia, juu ya pikipiki ya serikali, akiwafundisha watu kupogoa mibuni na kung'oa migomba yenye mnyauko. Alianguka nayo mara nne na mara zote nne aliinuka akaendelea na safari. Kwa hiyo alipostaafu na kutangaza kwamba atanunua gari la umeme, watu wa Nyakasimbi walicheka, ila hakuna aliyecheka mbele yake.

Sababu zake hazikuwa na mzunguko. Petroli ilikuwa ikiadimika vijijini kila mara, na juu ya banda lake la kukobolea kahawa kulikuwa na sola iliyozalisha umeme mwingi kuliko alivyoweza kuutumia. Mwanawe Ainebyona, aliyekuwa akifanya kazi ya bima Dar es Salaam, ndiye aliyemtafutia gari: dogo, la kijivu, limetumika lakini betri yake bado nzima. Deodatha alilinunua kwa pensheni yake mwenyewe, na kadi ikaandikwa jina lake.

Bila kumuuliza, Ainebyona akaongeza zawadi. Alilipeleka gari gereji likashushwa. Springi za kiwandani zilitolewa, zikawekwa nyingine fupi na ngumu, gari likalala chini mpaka ukingo wa bodi ukayafunika matairi kwa juu. Kisha akalivalisha rimu kubwa za kung'aa, saizi kumi na tisa, na matairi yenye ubavu mwembamba kama mkanda wa suruali.

"Sitaki mama yangu aonekane mshamba," aliwaambia rafiki zake.

Deodatha alipoliona likishushwa kwenye lori pale Kayanga, alilipenda. Hilo ni lazima lisemwe, maana baadaye watu walidai kwamba hakulitaka tangu mwanzo. Alilizunguka mara mbili, akagusa rimu, akampigia mwanawe simu kumshukuru. Kwenye lami ya kwenda Omurushaka gari lilinyata kimya na kukata kona bila kuyumba, naye akacheka peke yake ndani. Lami ilipoisha, kicheko nacho kikaisha. Kila kokoto iliyokanyagwa na tairi, yeye aliisikia kwenye meno.

"Nitalizoea," alijisemea. Pikipiki nayo alikuwa ameizoea.

Lakini gari hilo hakulinunua kwa ajili yake tu. Dada yake mkubwa, Benadeta, aliishi Kibingo, na mwaka ule wakati wa mavuno alikuwa ameteleza kwenye ngazi akichuma kahawa. Mfupa mmoja wa mgongo ulipata ufa. Madaktari walimlaza, wakamtibu, wakamruhusu kurudi nyumbani kwa sharti moja: kila Alhamisi aende hospitali kufanya mazoezi, la sivyo miguu itazidi kulegea.

"Usihangaike na magari ya kukodi," Deodatha alimwambia. "Alhamisi nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Alhamisi hiyo alimweka dada yake kiti cha nyuma, akamzungushia mito mitatu, akaendesha polepole kuliko mtu anayetembea. Haikusaidia. Baada ya nusu saa walifika mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yamekata barabara na kuacha mfereji. Matairi ya mbele yaliingia, yakatoka. Ya nyuma yalipoingia, chini ya kiti kulisikika kishindo kama cha nyundo, na Benadeta akapiga yowe, akimwita mama yao kwa Kinyambo, lugha ya kwao.

"Mawe! Simama! Simama, Deodatha!"

Deodatha akasimama. Aligeuka akamwona dada yake ameshika mgongo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, mdomo wazi na sauti imekwisha.

"Nirudishe," Benadeta alisema alipoweza kusema. "Nirudishe nyumbani. Nikifa, nife kitandani kwangu, si humu."

Alimrudisha. Vijana wa jirani walimtoa garini kwa blanketi. Alhamisi iliyofuata Benadeta hakwenda kwenye mazoezi, wala ile ya pili. Alisema hatapanda tena gari lile, na gari la kukodi aliliogopa pia, maana sasa aliogopa kila kitu chenye magurudumu. Wiki ya tatu alianza kuomba ashikwe mkono ili afike chooni.

Ndugu wakakutana sebuleni kwa Benadeta, wakazungumza mbele ya Deodatha kama vile hayupo. Gari la umeme si la huku, walisema. Ni la watu wa mjini. Auze. Mzee mmoja wa ukoo aliongeza kwamba mwanamke wa miaka sitini na mbili angetulia tu akala matunda ya watoto wake.

Deodatha aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Basi nisikieni. Nimemuumiza dada yangu, na hilo halina mjadala. Lakini sijui bado ni kitu gani ndani ya gari kilichomuumiza, na kitu nisichokijua siwezi kukiuza wala kukitupa. Nikikijua nitawaambia."

Akaanza kutafuta. Alimpigia Ainebyona, naye akamwambia apunguze upepo kwenye matairi. Alipunguza, na siku ya pili rimu moja iligonga jiwe ikapinda ukingo. Alikwenda kwa fundi mmoja mjini aliyeheshimika, mwanamume wa makamo, ambaye hakuinama hata kuchungulia uvunguni.

"Magari ya umeme ndivyo yalivyo, mama," alisema. "Betri ni nzito, lazima lidunde. Na mimi siligusi, lina umeme wa kuua. Nikushauri? Uza."

"Sikuuliza bei," Deodatha alimjibu, akaondoka.

Aliyemwelekeza kwa Niyonsaba alikuwa dereva wa lori la ndizi. Niyonsaba alikuwa fundi springi pale Nkwenda, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, aliyefundishwa kazi na baba yake, mzee Nsanzimana, aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana na kutengeneza springi za malori mpaka macho yake yalipochoka. Baba alipoacha, wateja nusu waliondoka kwa sababu hawakuamini mikono ya mwanamke. Niyonsaba hakuwafuata. Aliandika jina lake kwa rangi nyekundu kwenye bati la gereji, herufi kubwa zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara, akaendelea na nusu iliyobaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nawe utaniambia niuze?"

Niyonsaba alitabasamu. "Kwanza niangalie."

Alilala chini, kichwa na mabega vikapotea uvunguni. Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye nyusi.

"Umeme wa gari hili sitaugusa, huo una wenyewe. Lakini springi ni springi. Nani alilishusha?"

"Mwanangu."

"Alipenda macho yaone vizuri," Niyonsaba alisema kwa upole. Akachukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakikata duara jembamba, akainua kifuniko cha vumbi cha shokapu ya nyuma na kulifunga duara lile kwenye fimbo yake ya chuma, chini kabisa. "Sasa twende. Endesha unavyoendeshaga."

Walizunguka barabara ya vumbi kama kilometa mbili. Waliporudi, Niyonsaba alimwita Deodatha alale chini naye aone. Deodatha alitandika kanga akalala. Lile duara la mpira lilikuwa limesukumwa juu hadi mwisho wa fimbo, limebanwa kwenye raba ya kuzuia, limepasuka.

"Unaona? Betri ni nzito kweli, lakini uzito si kosa. Springi ya kiwandani inaujua uzito huo na imeachiwa nafasi ya kupanda na kushuka. Hii fupi imenyang'anywa nafasi. Gurudumu likipanda kidogo tu, linagonga raba ya mwisho. Likishafika pale hakuna springi tena. Ni chuma na mgongo wa abiria."

Pale chini Deodatha alimfikiria Benadeta na mito yake mitatu.

"Na rimu?"

"Rimu ni kubwa, kwa hiyo ubavu wa tairi umebaki mwembamba. Hewa ndani yake ni kidogo. Hewa ndiyo godoro la kwanza, springi ni la pili. Wewe umeondolewa magodoro yote mawili. Halafu rimu hizi zenyewe ni nzito, na gurudumu zito likirushwa na jiwe halitulii upesi. Hata chaji zinakula."

"Tunarudisha vyote."

"Springi zenyewe ziko wapi?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Deodatha alimuuliza Ainebyona kwa simu.

"Mama, zile nimeziacha gereji. Watakuwa wamezitupa. Halafu kwa nini urudishe? Ile ni zawadi yangu."

"Zawadi yako imemlaza mama yako mkubwa."

"Mama mkubwa ni mgonjwa! Gari lolote lingemuumiza."

Alikata simu kwa hasira, na Deodatha hakumpigia tena. Alikwenda kwenye gari akatafuta mpaka akakuta, ndani ya mlango wa dereva, kibandiko cha gereji ile ya Dar chenye namba ya simu. Alipiga yeye. Akazungushwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine siku tatu nzima. Siku ya nne kijana wa stoo akamwambia springi nne bado zipo nyuma ya makopo ya oili, tena na raba zake.

"Zifunge kwenye gunia," Deodatha alisema. "Zipande basi la leo."

Wakati wakizisubiri, Niyonsaba alitafuta rimu. Za kwanza alizozipata zilikuwa saizi kumi na tano. Alipozijaribu, moja ilikwaruza chuma cha breki. Deodatha alishauri zisagwe kidogo kwa ndani. Niyonsaba akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Rimu haisagwi. Siku ikikatika wewe ndiye uliyemo ndani."

"Mimi ndiye mwenye gari."

"Na mimi ndiye mwenye kazi. Kama unataka kusaga, nenda kwa mwingine."

Wakatazamana. Deodatha, aliyezoea kuamrisha wakulima wa vijiji vingi, aliona kwamba amekutana na mtu wa aina yake, akacheka. "Basi tafuta nyingine."

Zilipatikana saizi kumi na sita, nyeusi, za chuma, hazina urembo wowote. Niyonsaba alizivalisha matairi yenye ubavu mpana, akahakikisha kwamba yanaweza kubeba uzito wa gari na kwamba kimo cha gurudumu zima kinabaki kile kile cha kiwandani ili kipimo cha mwendo kisidanganye. Kabla ya springi kufika walilijaribu gari hivyo hivyo. Kokoto zilipungua makali, ule mtetemeko wa meno ukaisha. Lakini kwenye mfereji kile kishindo cha nyundo kilikuwepo bado.

"Nusu," alisema Deodatha.

"Nusu," Niyonsaba alikubali.

Springi zilipofika, kazi ilichukua siku nzima. Niyonsaba alizibana moja baada ya nyingine kwa kibanio chenye skrubu mbili, akifanya bila haraka, akimtaka Deodatha asimame mbali kwa sababu springi iliyobanwa ikiponyoka inaua. Jioni gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki lilisimama juu kama mtu aliyevua mzigo. Sasa betri ilikuwa juu ya mawe ya barabarani kwa kiganja kizima.

"Litayumba kwenye kona kuliko mwanzo," Niyonsaba alionya. "Usikate kona kwa kasi ile ya lami. Huwezi kupata vyote."

"Mimi sina mashindano. Shika usukani."

Deodatha alipanda nyuma, akakaa mahali pale pale alipokaa dada yake, bila mto hata mmoja, akataka apelekwe kwenye mfereji ule ule. Waliuvuka mara tano. Mara ya kwanza alifumba macho. Gari lilizama, likapanda, likakaa. Mara ya tano alikuwa amefumbua, na alikuwa akilia, na hakutaka Niyonsaba aone.

Benadeta hakukubali. Deodatha alikwenda Kibingo, akamweleza yote, magodoro mawili na duara la mpira, na dada yake akaugeukia ukuta.

"Sitakushurutisha," Deodatha alisema. "Gari liko pale nje. Utakapotaka, litawaka."

Wiki hiyo Ainebyona alikuja. Binti wa mjomba wake alikuwa anaolewa Jumamosi kanisani Nyakatuntu, na Ainebyona alikuwa ameahidi, bila kumwambia mama yake, kwamba lile gari la kijivu ndilo litakalombeba bibi harusi. Alifika kwa basi, akapanda bodaboda mpaka Kibingo alikomkuta mama yake. Uani alisimama ghafla, begi bado liko begani.

"Mama. Hiki ni nini?"

"Gari langu. Karibu, mwanangu. Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Mama, limekuwa kama trekta! Rimu ziko wapi?"

"Ziko stoo. Moja imepinda."

"Nimewaambia watu wote! Mjomba amekwisha nunua maua. Nitasimama wapi na kitu hiki?" Alitoa simu. "Nani kalifanya? Nipe namba ya fundi. Arudishe kabla ya Jumamosi."

Deodatha alimpa namba. Ainebyona alipiga akiwa amesimama pale pale uani, akaeleza kwa sauti ya mtu wa ofisini anachotaka kifanyike. Sauti ya Niyonsaba ilisikika kwenye simu bila hata kuwekwa spika.

"Kaka, gari ni la mama. Mama akisema, nitafanya. Ila siku hiyo nitamwomba asubiri niwe mbali ndipo amvushe dada yake mfereji, ili nisisikie yowe."

Ainebyona alishusha simu.

"Mwambie, mama."

"Siwezi."

"Kwa siku moja tu! Kwa ajili ya heshima yangu."

"Heshima yako ni pana, mwanangu, haiwezi kukaa kwenye rimu." Deodatha hakupandisha sauti. "Ulilishusha gari langu bila kuniuliza, nikakushukuru, kwa sababu nilijua umefanya kwa upendo. Sasa nakuuliza: umeingia ndani kumsalimia mama yako mkubwa? Umeona anavyotembea? Alikuwa akinipita kwa hatua tangu utoto wetu. Nenda ukamwone. Kisha urudi uniambie nirudishe springi zako."

Ainebyona alitazama mlango. Hakuingia ndani. Wakiwa wamesimama hivyo, mlango ulifunguliwa na Benadeta akatokea, ameegemea fremu kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Alikuwa amesikia yote. Kuja kutoka kitandani hadi pale kulikuwa kumemtoa jasho.

"Shikamoo, mama mkubwa," Ainebyona alisema, akainama.

"Marahaba. Harusi ni Jumamosi?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Nitakwenda." Alimtazama mpwa wake, kisha gari, kisha mdogo wake. "Naogopa. Lakini nikibaki kitandani, huyu mtoto atafikiri ameshinda. Nitakwenda kwa trekta hilo."

Jumamosi bibi harusi alibebwa na gari la mtu mwingine. Deodatha aliendesha lake. Benadeta alikaa nyuma, na kwa kuwa hakukuwa na usafiri mwingine, Ainebyona alikaa mbele akiwa na suti na uso uliofungwa. Walipokaribia mfereji Benadeta alishika kishikio cha juu ya mlango, akaanza kusali kwa Kinyambo kwa sauti ya chini. Matairi ya mbele yaliingia, yakatoka. Ya nyuma yaliingia. Gari likazama, likapanda.

Deodatha alitazama kwenye kioo.

"Imeuma?"

"Imeuma kidogo," Benadeta alisema. "Kama ninapogeuka kitandani. Usinitazame, tazama barabara."

Baadaye, kwenye kona za mlimani, alilalamika kwamba gari linamyumbisha na kumtia kichefuchefu, na Deodatha akapunguza mwendo. Ainebyona alikuwa amegeuza shingo anamtazama mama yake mkubwa, na alimtazama hivyo kwa muda mrefu.

"Nilidhani mnatia chumvi," alisema mwishowe, bila kusema ni nani anayemwambia. Kisha, kwa sababu alikuwa mwana wa Deodatha na kushindwa hakukumkaa vizuri, akaongeza, "Lakini bado ni baya."

"Ni baya kwako unayelitazama," mama yake alisema. "Mimi naliendesha."

Kanisani Nyakatuntu mbele ya mlango palikuwa pameachwa wazi kwa magari ya wageni wakubwa, yale ya kung'aa yaliyofungwa riboni. Mwanakamati mmoja mwenye kitambaa cha zambarau begani aliliona gari la kijivu lenye rimu nyeusi na vumbi la safari nzima, akalipungia mkono liende nyuma kabisa, kwenye pikipiki, karibu na migomba.

Deodatha alishusha kioo.

"Shikamoo, mama," mwanakamati alisema. "Magari ya kawaida yanakaa kule nyuma, tafadhali."

"Marahaba. Nina dada yangu, mgongo wake una ufa. Kutoka kule nyuma hadi hapa kuna hatua mia mbili. Nitaegesha hapa."

"Lakini mama, kamati imepanga—"

"Kamati ikija mwambie bibi shamba amekataa. Wengi wao nimewafundisha kupanda kahawa. Wananijua."

Akaingiza gari taratibu katikati ya mawili yenye riboni, akazima. Ainebyona alishuka kabla yake, akazunguka, akamfungulia mama yake mkubwa mlango na kumpa mkono. Benadeta aliutazama ule mkono.

"Shika fimbo tu," alimwambia.

Alitoa mguu mmoja, kisha wa pili, akashika paa la gari na kujivuta mpaka akasimama. Watu mlangoni walikuwa wamegeuka. Benadeta alinyoosha gauni lake, akachukua fimbo kutoka kwa mpwa wake, na akaanza kuzipanda ngazi za kanisa, moja baada ya nyingine, akikataa kila aliyekuja kumsaidia.